Namba ya Nyuma ya Mashine

“Fundi funguo mzima, mlango wako mwenyewe unafungwa kwa kamba ya kiatu, halafu mnataka tuamini kuna mwizi aliyehangaika kuuvunja.”

“Hakuna aliyesema umevunjwa,” Mama Bisi alijibu. “Nimesema mashine ilikuwa hapa nje, hapo hapo ulipoweka miguu yako, nikaenda bombani, nikarudi, haipo. Unataka nikueleze kwa kuimba?”

“Imba, jirani,” alisema Mama Sabuni. “Pengine wimbo utaeleweka.”

Wapangaji walicheka, kisha kila mmoja akajifanya hakuwa yeye. Ilikuwa Ijumaa, saa tisa alasiri, na nyumba nzima ya milango saba ilikuwa uani. Aliyekuwa akifua aliacha kukamua. Aliyekuwa akichagua mchele alichagua punje ileile mara tano. Ugomvi mtamu namna hii hauji kila wiki, tena kati ya wanawake wawili wanaotenganishwa na ukuta mwembamba kiasi kwamba huyu akipiga chafya, yule wa pili anasema afya.

Mashine yenyewe ilikuwa ya kukaangia bisi, nyekundu, ya vioo, yenye magurudumu manne madogo na taa ya njano juu. Ilikuwa mali ya wanawake sita. Walijinyima miaka miwili wakainunua, wakawekeana utaratibu: kila mmoja anakaa nayo wiki moja, kisha Jumamosi saa sita mchana anamkabidhi mwenzake mbele ya mashahidi wawili. Anayekabidhi amepangusa vioo. Anayepokea anainama nyuma, anasoma kwa sauti ile namba iliyochongwa kwenye kibati, tarakimu moja moja, ili kila mtu ajue ni mashine ileile. Wiki hii ilikuwa ya Mama Bisi. Kesho saa sita ilikuwa inahamia kwa Mama Sabuni, jirani huyu huyu, na Mama Sabuni alikwisha kuahidi bisi za siku ya michezo kwa shule yenye watoto mia nne.

Isipopatikana mpaka hapo, Mama Bisi anatoka kwenye kikundi. Na kutoka kwake hakungekuwa kwa barua ya kujiuzulu. Kungekuwa kwa kunong'onwa dukani, bombani, kwenye foleni ya zahanati, miaka na miaka.

“Basi mimi nimeshawaambia wenzetu,” Mama Sabuni alisema, akikaza kitenge kiunoni.

“Umewaambia nini?”

“Nionavyo.”

“Unaonaje?”

“Naona umeiuza.”

Mama Bisi alimkazia macho. Miaka tisa walikuwa wakiazimiana chumvi. Huyu alimshika mkono siku anamzaa mtoto wa pili.

“Jirani, hapo umevuka,” alisema mumewe, fundi funguo, akiwa bado ameshika ile kamba ya kiatu mkononi, na hilo halikumsaidia.

“Wewe nunua kitasa kwanza, ndio uje kunifundisha mipaka.”

“Hodi,” ilisema sauti kutoka getini.

Alikuwa mzee mwembamba, mrefu, shati limepigwa pasi hadi kwenye kola, viatu vimejaa vumbi la mwendo mrefu. Kwapani alibana daftari. Simu ilikuwa inalia kwenye mfuko wa shati lake, na alikuwa ameiacha ilie, kwa uso wa mtu aliyechoka kuombwa kitu kilekile.

“Hapa ndipo nyumba ya milango saba, nyuma ya ghala la mbao?”

“Ndipo, mzee. Shikamoo. Unamtafuta nani?”

“Marahaba. Namtafuta mtu aliyetoa namba yangu ya simu kwa mji mzima.” Akainua kidole kuomba subira, akapokea. “Ndiyo. Ndiyo, nyekundu. Umeiona wapi? Saa ngapi kamili? Usiseme mchana, bwana, mchana ni mrefu. Saa sita na robo, vizuri. Jina? Ahsante, sasa unaweza kukata.” Akafungua daftari juu ya goti, akaandika, akapiga mstari kwa rula ndogo iliyotoka mfuko wa nyuma. Kisha akawatazama watu wote pale uani, mmoja baada ya mwingine. “Huyo ni wa arobaini na mbili. Sasa naomba mtu mmoja, mmoja tu, aniambie mimi na bisi tuna uhusiano gani.”

Mama Bisi alikuwa wa kwanza kusogea.

“Pita ndani, baba,” alisema. “Pita, tafadhali.”

*

Chumbani walimpa kiti pekee chenye mgongo. Dirishani vilijipanga vichwa vya wapangaji, na nyuma yao kilionekana kilemba cha Mama Sabuni, kikijifanya kinaangalia kwingine.

Binti mkubwa wa nyumba, ambaye wote walimwita Karani kwa sababu ndiyo kazi yake, alikuwa amekaa kitandani na simu yake. Ndiye aliyeandika tangazo asubuhi, kazini, kwenye baraza la mtandaoni ambako wakazi wa mji mzima hupashana habari za maji kukatika, paka kupotea na waume wa watu kuonekana mahali. Kisha aliomba ruhusa ya nusu siku. Mkuu wake alimuuliza kama kuna msiba. Aliposema hapana, ni mashine ya bisi, ofisi nzima ilicheka hadi mlinzi akaja kuchungulia. Alitoka na ruhusa yake mkononi na masikio ya moto.

“Nisomee ulichoandika, mwanangu,” alisema mzee.

Karani akasoma: “Jamani, tumeibiwa mashine ya bisi, nyekundu, ya vioo, kioo cha ubavu wa kushoto kimebandikwa plasta. Ni mali ya akina mama sita. Nyumbani ni nyumba ya milango saba nyuma ya ghala la mbao. Ukiiona, andika hapa chini. Namba yake…” Akazisoma tarakimu zote kumi, kuanzia sifuri.

Mzee alikuwa amefumba macho. “Hiyo,” alisema, “ni namba yangu.”

“Haiwezekani, babu. Hii ni namba ya mashine, iko kwenye kibati cha nyuma. Nimeisikia ikisomwa kila Jumamosi, naijua kuliko siku yangu ya kuzaliwa.”

“Na mimi ninayo mwaka wa kumi na nne sasa. Lete nione.”

Wakainamia simu, mzee, Karani, Mama Bisi na fundi, vichwa vinne vikigongana. Tangazo lilikuwa jeusi lote, isipokuwa ile namba. Namba ilikuwa ya bluu na mstari chini yake.

“Mbona namba imepakwa rangi?” fundi aliuliza. “Umeipaka wewe?”

“Sijapaka kitu, baba.” Karani akashika kichwa. “Mungu wangu. Ni baraza lenyewe. Likiona tarakimu kumi zinazoanza na sifuri, linadhani ni simu. Linaigeuza linki lenyewe, hata hukuomba. Mtu akigusa tu, inapiga.”

“Kwa hiyo nilipokataa tusiweke namba yangu,” Mama Bisi alisema taratibu, “nikiogopa wahuni watanisumbua…”

“Wamenisumbua mimi,” alisema mzee.

Karani akaonyesha majibu yaliyoandikwa chini ya tangazo. Yalikuwa kumi na manne. Tisa yalisema poleni. Mmoja aliuliza kama bisi zilikuwa za chumvi au za sukari. Wengine walikuwa wanagombana wenyewe kwa wenyewe kuhusu mpira. Aliyeiona mashine hata mmoja hakuwapo, kwa sababu walioiona hawakuwa na haja ya kuandika. Walikuwa wamegusa bluu.

“Naifuta sasa hivi, babu. Nisamehe sana. Naifuta, hutapigiwa tena.”

“Usiguse.”

Alilisema kwa ukali hadi vichwa vya dirishani vikarudi nyuma. Simu yake ikaanza kulia tena. Akaitazama kwanza, kidogo, kabla ya kuipokea.

“Ukiifuta umekata waya,” alisema baada ya kumaliza na kuandika. “Mimi nilikuwa opereta wa simu. Miaka thelathini na mmoja kwenye mitambo, hospitali kuu na baadaye makao ya reli. Simu haikupita mkononi mwangu bila kuandikwa: nani, wapi, saa ngapi. Tangu nistaafu simu yangu inalia mara mbili kwa mwezi, na moja ni kampuni inanikumbusha niongeze salio. Leo wa kwanza kupiga nilimtukana. Wa pili pia. Wa tatu alikuwa mtoto wa shule, nikaona aibu, nikamuuliza ameiona wapi. Akaniambia. Basi nikaenda kutafuta kalamu.” Akaligeuza daftari upande wao. “Mashine yenu haijapotea. Najua ilikuwa wapi, kituo kwa kituo, tangu asubuhi.”

*

Kurasa mbili zilijaa mwandiko mdogo ulionyooka. Mama Bisi aliweka kidole juu ya mstari wa kwanza, na hakukiondoa.

Saa mbili na dakika ishirini, ghala la mbao. Iko juu ya mkokoteni. Saa tatu, geti la shule. Mlinzi amekataa isiingie. Saa nne na nusu, duka la pembejeo. Saa tano na robo, saluni karibu na posta. Saa sita na robo, zahanati. Saa saba, duka la vyombo. Saa nane, mama mmoja amejaribu kununua bisi.

“Mwizi gani anakwenda zahanati?” fundi alisema.

“Labda anaumwa,” alisema mtu dirishani.

“Mwizi anayeumwa anapumzika, hasukumi mkokoteni.”

“Tena amepita katikati ya mji,” Karani alisema, akichora njia kwa kalamu nyuma ya karatasi ya ruhusa yake. “Barabara kubwa zote. Hajajificha hata kidogo. Na shuleni alitaka kuingia.”

“Shule gani?” Mama Bisi aliuliza.

Opereta akatazama daftari. “Ile ya ukuta wa kijani. Siku ya michezo kesho, kama nilivyoambiwa na mlinzi mwenyewe, ambaye pia alipiga. Na huyu wa saa saba, mwenye duka la vyombo, ni mtu makini. Nilimwomba amwulize mwenye mkokoteni ameitoa wapi. Alijibiwa hivi, nimeandika maneno yake: ‘Ni ya zamu.’”

Neno hilo halikuwa la mwizi. Lilikuwa la kikundi, la wanawake sita na watu wao.

Mama Bisi alimsogelea mzee. “Baba, mwenye duka alisema kingine? Mkokotenini kulikuwa na nini zaidi?”

Kabla hajajibu, simu ililia. Opereta akapokea, akaweka sauti nje, akainua rula yake kunyamazisha dirisha.

“Haloo, nimeona bandiko lenu,” ilisema sauti ya kijana, nyuma yake mashine ya kusaga ikinguruma. “Hiyo kitu iko hapa kinuni sasa hivi. Jamaa anakunywa maji. Ni nyekundu, plasta iko kushoto kama mlivyosema.”

“Usikate,” alisema Opereta. “Niambie kila kilichoko mkokotenini.”

“Hiyo mashine. Gunia la pumba. Na katoni, ngapi hizi, tatu. Katoni za sabuni, zimefungwa kwa kamba ya bluu, mafundo matatu matatu.”

Katika mtaa mzima mtu mmoja ndiye hufunga katoni kwa kamba ya bluu, mafundo matatu matatu, kwa sababu aliwahi kufunga mawili zikamwagikia njiani. Vichwa vyote vya dirishani viligeuka nyuma kwa pamoja. Kile kilemba hakikujifanya tena kinaangalia kwingine.

“Jirani,” Mama Bisi alisema, bila kupaza sauti. “Ijumaa Winchi huja kuchukua katoni zako?”

Winchi alikuwa mbeba mizigo wa nyumba hiyo, mwenye shingo pana na moyo mwepesi, anayesambaza sabuni kila Ijumaa kwa wateja wa Mama Sabuni: duka la pembejeo, saluni, zahanati, duka la vyombo, na mwisho kinu. Njia aliyoichora Karani nyuma ya karatasi ilikuwa hiyo hiyo, ukiacha shule, kona kwa kona.

“Huwa naziacha mlangoni mimi nikienda zangu sokoni,” Mama Sabuni alisema. “Anazikuta. Lakini mashine nilimwambia Jumamosi. Nilimwambia Jumamosi.”

“Kijana,” alisema Opereta simuni, “mpe simu huyo mwenye mkokoteni. Simu yake mwenyewe ni wazi haina chaji. Mwambie ana simu kutoka nyumbani.” Akauziba mdomo wa simu kwa kiganja, akamtazama Mama Sabuni dirishani, na sauti yake ikabadilika, ikawa laini, ya zamani, ya mtu aliyevaa sare. “Mama, subiri kidogo. Nakuunganisha.”

Simu ikapitishwa dirishani, mkono kwa mkono.

“Winchi,” alisema Mama Sabuni.

“Mama, shikamoo,” sauti ya Winchi ikajaa uani, kwa kuwa hakuna aliyekumbuka kuzima ile sauti ya nje. “Samahani, kule shule mlinzi kanikatalia, anasema mpaka kesho, ndio nazunguka nayo tu, nitakuletea jioni. Kesho nina kazi ya kubeba viti, nikaona niichukue leo kabisa. Nilipiga hodi, hamna mtu. Si wewe ulisema niwahi, nisisubiri hiyo saa sita yao, yule asije akaitumia mpaka dakika ya mwisho akakuachia vioo vichafu?”

Wapangaji waliangalia miguu yao. Hata wale waliopenda ugomvi kuliko chakula waliona huu umefika mahali ambapo hautazamiki.

“Ilete,” alisema Mama Sabuni. “Ilete mlangoni kwa mwenyewe.” Akarudisha simu dirishani, akaingia chumbani kwake, akafunga mlango. Wake ulikuwa na kitasa.

*

Winchi alifika jua likiwa bado juu ya mapaa, akifuatwa na watoto wasiopungua ishirini waliokuwa wanaimba. Uani palikuwa na watu wengi kuliko wakati wa ugomvi. Waliokuja kuomboleza walibaki kushangilia, na wengine hawakujua kilichotokea ila walishangilia pia. Fundi na Winchi waliishusha. Mama Bisi alipiga magoti nyuma yake juu ya saruji, akapangusa kibati kwa upindo wa kanga, akasoma kwa sauti, tarakimu moja moja. Sauti ilimkatika kwenye ya saba. Opereta, aliyesimama mlangoni, akamalizia tatu zilizobaki kwa kichwa.

Fundi alikuwa amekwisha kutoa kitasa kwenye sanduku lake la kazi na alikuwa anakipigilia mlangoni, saa ileile, bila kuambiwa na mtu.

“Leo?” Mama Bisi alimuuliza.

“Usinisemeshe, nisije nikaghairi.”

Karani alikuwa anaandika kwenye baraza kwamba imepatikana. Alitaka kufuta ile namba, kisha akasita, akamtazama mzee. “Babu, niiache?”

“Iache mpaka kesho,” alisema Opereta, akiangalia pembeni. “Kuna watu hawajapata habari. Si vizuri wapige wakose mtu.” Na kweli simu ililia, akapokea akiwa amenyoosha mgongo. “Imepatikana, dada. Ndiyo, nzima. Ni vizuri sana kwamba umepiga.”

Ndani, sufuria la wali lilifunuliwa, mvuke ukajaa chumba. Winchi alikuwa amekwisha kukaa kwenye mkeka, amenawa mikono. Mama Bisi alipakua sahani moja, mbili, tano. Ya sita aliishika tupu, akatazama ukuta. Upande wa pili hapakusikika sufuria wala kijiko. Mtu alikuwa amekaa kimya huko, akijitahidi asikohoe.

Angeweza kumwacha. Dirisha zima lingemwelewa. Wenzao wanne walikwisha kuambiwa kwamba yeye ni mwizi, na kesho saa sita ingembidi asimame mbele yao hata hivyo. Alifikiri kwenda kubisha, akaona hataweza kuutazama ule uso ukifunguka mlangoni, wala ule uso hautaweza kumtazama yeye.

“Baba,” alimwambia Opereta, “pale nje kwenye mlango wake kuna namba. Imeandikwa kwa rangi, kubwa, ya wateja wa sabuni.”

Mzee hakuuliza kitu. Alitoka, akaisoma, akarudi akiibonyeza. Ng'ambo ya ukuta simu ilianza kuita. Iliita sana. Chumba kizima kilisikiliza ikiita, na Winchi akashusha tonge lake.

“Haloo,” ilisema sauti ya Mama Sabuni, mara mbili, moja simuni na moja ukutani.

“Habari ya jioni, mama. Una simu kutoka chumba cha pili. Usikate, nakuunganisha.”

Akampa Mama Bisi simu. Mama Bisi akaibana sikioni. Alisikia pumzi ya jirani yake, nzito, ya pua iliyojaa.

“Kesho nitawaambia wenzetu mimi mwenyewe,” ilisema ile sauti. “Mbele yako. Kabla hujakabidhi.”

“Utawaambia.”

“Na vioo nitapangusa mimi.”

“Vioo vyangu havina uchafu,” alisema Mama Bisi. “Una mkono mmoja uko huru hapo?”

“Kwa nini?”

“Njoo na kigoda chako, hapa viti vimekwisha. Chakula kinapoa, jirani. Njoo tule.”